Gitaa la Rangi ya Asali

Atieno alinipigia simu nikiwa karakanani, randa mkononi, na kwa jinsi alivyovuta pumzi kabla ya kusema nilijua kwamba Ouma amekufa. "Uncle Wekesa," akasema, "Baba ametuacha leo asubuhi." Nikaketi juu ya rundo la mbao, fundi wangu akaja na maji, nikayashika bila kuyanywa. Baadaye, sauti yake ilipotulia kidogo, Atieno aliniomba niandike maneno machache ya kusomwa siku ya mazishi, kwa kuwa mimi ndiye niliyemjua babake kabla hajawa baba wa mtu. "Na usisahau ile ya mkono," akasema. "Vile wezi walimvunja vidole huko Kawangware na bado akaendelea na muziki. Watu wa kanisa wanaipenda sana hiyo." Nikamwambia sawa. Nikaandika kurasa mbili za heshima, nikasafiri hadi kwao, nikazisoma mbele ya jeneza, na watu wakalia pale walipopaswa kulia. Hapakuwa na wezi. Miaka yote hiyo Ouma alikuwa akiwaambia mkewe na watoto wake uongo kwa ajili yangu, na mimi nikausoma uongo huo kwa sauti akiwa amelala pale hawezi kunikatiza. Haya ninayoandika sasa ndiyo ningepaswa kusoma.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, nami nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Tulikaa pamoja mtaani Kianda, chumba kimoja cha udongo na paa la mabati, kitanda kimoja tulicholala kwa zamu ya ukutani na ya ukingoni, stovu, sufuria mbili na magitaa mawili ya bei rahisi yaliyoning'inia kwenye misumari juu ya vichwa vyetu. Mchana nilifanya kazi kwa seremala mmoja Kambi Muru, tukitengeneza vitanda na, wiki mbaya zikija, majeneza. Ouma alibeba mawe na kuchanganya simiti popote palipojengwa. Jioni tulisonga ugali, tukakaanga omena hadi mlangoni pakafika paka wa ploti nzima, halafu tukashusha magitaa. Ukuta uliotutenga na jirani ulikuwa mwembamba hivi kwamba mke wake akipenda wimbo alipiga mara mbili kwa kijiko, na asipoupenda alisema, "Nyinyi, hebu rudieni ule wa jana." Ouma ndiye aliyekuwa mpigaji. Mimi nilikuwa mtu wa kumfuata. Alipiga nyuzi za juu, zile zinazoimba, nami nilishika mdundo chini yake, na kila Jumapili alasiri tulivaa mashati ya njano, tukatembea hadi Kawangware kupiga katika baa moja pamoja na mpiga besi na mpiga ngoma wa huko. Watu walikuja kumsikiliza yeye. Nilijua hivyo, na nilikuwa nimeanza kuchoka kujua.

Mwezi wa pili wa mwaka ule mtu mmoja aliuawa Gatwekera, jirani na kwetu. Nilikuwa natoka kazini saa kumi na moja, jua bado lipo, niliposikia lile neno moja ambalo mtaani mwetu lilitosha kumwondoa mtu duniani: mwizi. Walisema ameiba stovu. Nilipofika alikuwa amekaa chini katikati ya watu, mguu mmoja bila kiatu, akisema kwa adabu kabisa, kama mtu aliyekosea mlango, "Nisikizeni kidogo, nisikizeni tu." Karibu yangu mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni aliokota jiwe, akalitupa, akarudi kuokota lingine. Mimi pia niliokota. Sikuwa na hasira na mtu yule, sikumjua, sikuwa na stovu iliyopotea. Nilitupa kwa sababu mkono wangu ulikuwa mtupu na mikono ya wengine haikuwa mitupu. Lilimpata shingoni. Sauti yake siwezi kuielezea vizuri, ilikuwa ndogo, kama kugonga gunia la mahindi. Nilimwambia Ouma jioni, nadhani nikitaka aniambie si kitu. Alikuwa anasonga ugali. Aliuacha mwiko umesimama ndani ya sufuria, akanitazama, kisha akamega ugali sehemu mbili, akaweka wangu kwenye sahani na kwenda kula wake nje, juu ya jiwe la kufulia. Asubuhi yake, kupitia ukutani, tulimsikia mke wa jirani akimwambia mwenzake, "Si hiyo stovu imepatikana! Ilikuwa kwa dada ya mwenyewe, aliichukua bila kusema." Mwenzake akacheka kwa mshtuko, akasema "Wuui," halafu wakaanza kuzungumza juu ya maji. Ouma alikuwa amelala upande wa ukutani, macho wazi.  Hakuwahi kunikumbusha baadaye, hata siku ambayo mtu mwingine yeyote angenikumbusha.

Mzee Kamande tulimpata kupitia mpiga besi. Aliishi Kawangware, vyumba viwili vya mbao nyuma ya mashine ya kusaga unga, na enzi za ujana wake alikuwa amepiga gitaa katika mabendi ya dansi yaliyochezea mahoteli ya mjini. Sasa vidole vyake vilikuwa vimekakamaa kama mizizi ya tangawizi na macho yalikuwa yameingia ukungu. Tulianza kwenda kwake Jumapili asubuhi kujifunza mishiko ya zamani. Alikuwa akitupakulia githeri ya mahindi na maharagwe kwenye vikombe vya bati, anaketi kwenye kiti cha kamba, anasema, "Kidole kidogo, hapana, juu kidogo, sikiza," na asipoona tumeshika wapi, masikio yake yaliona. Ukutani kwake yalining'inia magitaa matatu ya aina ambayo sikuwa nimewahi kuigusa. Sisi tuliyaita ya kifua. Uso wake haukuwa bapa kama wa magitaa yetu. Ulibenuka katikati kama kifua cha njiwa, na badala ya tundu moja la duara ulikuwa na nyufa mbili ndefu zilizopinda, moja kila upande, kama za fidla. Gitaa la kawaida likipigwa kwenye kelele za baa linazama kama jiwe. Lile la kifua linatoa sauti kavu, fupi, inayopita katikati ya watu na kukufikia.

Mzee alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, Kiarie, mtu wa umri wetu au zaidi kidogo, mwenye mabega mapana na pombe ya tangu jana kwenye pumzi. Kiarie alikuwa ameshapata mwenye hoteli wa kuyanunua yote matatu ayatundike ukutani kama mapambo. Siku moja tukiwa palepale, vikombe mkononi, alimwambia babake atie kidole kwenye karatasi ya mauzo, mzee akakataa, Kiarie akampiga kofi. Kofi moja tu, lenye sauti kubwa kuliko nilivyotarajia. Githeri ya mzee ilimwagika mapajani. Ouma alisimama, na Kiarie akasema, "We Mjaluo, kaa chini, hii ni nyumba yetu," akatoka akiupiga mlango. Mzee alizichagua punje za mahindi mapajani mwake moja moja, akazirudisha kwenye kikombe. Kisha akasema, "Mawili atauza, siwezi kumzuia. Moja nawapa nyinyi, lipigwe. Lakini mchague vizuri. Msichague leo, na msichague kwa macho. Gitaa siku ya kwanza hujipamba kama mtu anayekwenda kuposa."

Tulichagua kwa Jumapili tatu. Jekundu lilikuwa zuri mno kutazama, lulu zikimetameta shingoni kote, na kila aliyepita mlangoni alilinyooshea kidole hilo. Nilichungulia kwenye ukingo wa ufa nikaona matabaka: plaiwudi. Nikamwambia Ouma, hili ni kabati limevaa suti. Mzee alicheka hadi akakohoa. Jeusi lilikuwa na kidonda kilichoungwa kwa gundi ubavuni, sauti yake nzito, ya kuaminika, nyuzi za chini zikinguruma kama mtu anayekubali jambo. Lingemtosha mtu yeyote. Lakini lile la tatu lilikuwa la rangi ya asali, rangi yenyewe imelika pale mkono wa mzee ulipoegemea miaka yote, uso wake umechongwa kutoka mti mmoja, na nilipougonga kwa kifundo cha kidole ulijibu kabla sijauondoa mkono. Ouma alilipiga, akashika mshiko wa nyuzi sita, na ungeweza kuzihesabu nyuzi zile sita angani, kila mmoja umesimama peke yake na zote zimesimama pamoja. Mwanamke wa mashine ya kusaga alizima mashine. Ouma aliinua macho akanitazama kama mtoto. "Omera, ndugu yangu," akaniambia, "ni hii. Ama si ni hii?"

Kuna jambo ambalo Ouma hakulijua. Wiki ile nilikuwa nimekutana na watu wa bendi moja ya mjini, bendi yenye sare za suti na kazi kila wikendi, nao waliniambia kwamba kama ningekuja na gitaa la kifua la maana wangenijaribu. Mimi, si Ouma. Kwao hakuna aliyejua kuna mtu anaitwa Ouma. Basi nikalichukua lile gitaa mikononi mwake, nikafumba jicho moja, nikaitazama shingo kwa urefu wake jinsi seremala anavyopima ubao. Ilikuwa imenyooka kama kamba iliyobeba jiwe. Nikasema, "Shingo imepinda." Ouma akasema, "Wapi?" "Huwezi kuona wewe. Inaenda kushoto. Baada ya mwaka haitashika sauti tena." Mzee Kamande aligeuza uso wake upande wangu, yale macho ya ukungu, akauliza polepole, "Una hakika, fundi?" Nikasema, "Hii ndiyo kazi yangu, mzee."  Ouma alilipapasa lile gitaa mara moja zaidi, akalirudisha kwenye msumari wake kwa mikono miwili, akashusha jeusi. Njiani tukirudi alinishukuru. Alisema, "Bila wewe ningebeba mgonjwa." Tulikuwa tunavuka barabara ya Ngong na nakumbuka niliinama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Jumapili iliyofuata nilimwambia Ouma nina kitanda cha kumaliza, atangulie baa bila mimi. Kisha nikapita njia nyingine, nikafika kwa mzee saa sita mchana. Nilimwambia naweza kulijaribu lile la asali karakanani, labda shingo itanyooka. Alilishusha mwenyewe, akipapasa ukuta. "Chukua basi," akasema, "ukaninyooshee." Hakutabasamu. Nilitoka nalo mkononi bila hata kulifunga kwa shuka. Nilikuwa nimeipita mashine ya kusaga na kufika penye wauza makaa niliposikia nyuma yangu sauti ya Kiarie. Alikuwa anakuja kulichukua yeye, kumpelekea mwenye hoteli. Aliita mara moja tu.

"Mwizi!"

Niliwahi kusema, "Nimepewa, ulizeni mzee," na nikaisikia sauti yangu mwenyewe ikiwa na adabu ileile ya mtu wa Gatwekera. Jiwe la kwanza lilinipata mgongoni. La pili sijui. Nililikumbatia gitaa, nikaanguka upande, na nilichoona kuanzia hapo ni viatu. Viatu vya kanisani vilivyopigwa rangi, akala, miguu ya mama mmoja iliyojaa vumbi la makaa. Mtu alikuwa akinipiga kwa bomba la chuma bila haraka, akivuta pumzi kabla ya kila pigo, kama mtu anayepasua kuni. Mwanamke aliuliza, "Ameiba nini?" na mwingine akajibu, "Si unaona gita," na yule wa kwanza akasema, "Aii, hawa watatumaliza." Nilisikia tairi la kunichomea likibingirishwa. Sikuliona, lakini hakuna kitu kingine kinachotoa sauti ile juu ya changarawe. Mkojo ulinitoka. Nilimwita mamangu, ambaye sikuwa nimemwandikia barua tangu Krismasi.

Kisha kitu kizito kikaniangukia juu, na kikawa na shati la njano. "Hii gita ni yangu!" Ouma alikuwa anapiga kelele, mdomo wake karibu na sikio langu. "Ni mimi nimemtuma! Si mwizi, ni mimi nimemtuma!" Hawakumsikia, au walimsikia na mikono yao ikawa bado haijamaliza. Alikuwa ameishika shingo ya gitaa kwa mkono wa kushoto. Bomba lilishuka pale pale. Nilisikia mti ukivunjika na nilisikia vidole, sauti mbili karibu pamoja, na Ouma akanyamaza katikati ya neno.

Aliyetuokoa ni Mzee Kamande. Alikuja akiongozwa na mwanamke wa mashine ya kusaga, akipiga watu miguuni kwa mkongojo wake kama mtu anayefukuza mbuzi, na kwa kuwa alikuwa mzee wao walimpisha. Alisimama juu yetu, akauliza, "Kiarie yuko wapi?" Kiarie akasema, "Niko hapa." Mzee akamnyooshea mkongojo kwa kuifuata sauti na kusema maneno ambayo sidhani aliyapima: "Hawa niliwapa mimi. Mwizi ni huyu." Umati ulikuwa na mawe mkononi. Hata sikuona wakigeuka, niliona tu viatu vikielekea upande mwingine, vyote kwa pamoja, na Kiarie akikimbia mbele yao. Walimpata mtoni.

Katika zahanati daktari alimfunga Ouma plasta hadi kwenye kiwiko na kutuambia bila kuzunguka kwamba vidole viwili vya kati havitakunjika tena. Mimi nilikuwa na mbavu tatu zilizopasuka na jicho lililofumba. Tulikaa kwenye benchi moja. Mtu mwema alikuwa ametuletea lile gitaa, uso wake mzima, shingo imekatika na kuning'inia kwa nyuzi. Ouma alilitazama muda mrefu. Alijua ni lipi, na alijua nilimwambia niko Kambi Muru nikigongomea kitanda. Akasema, "Sasa ndiyo imepinda."  Nililia mbele ya wagonjwa wote, na alinyoosha mkono mzima akaniwekea kichwani, au labda alikuwa anautafutia tu mahali pa kuegemea.

Mbavu ziliponiruhusu kutembea nilikwenda kwa Mzee Kamande. Kiarie alikuwa hai, amelazwa kwenye kitanda cha chumba cha nyuma, jicho moja limetoka, taya limefungwa kwa kitambaa. Mzee alikuwa akimlisha uji kwa kijiko, akipapasa kwa kidole mahali mdomo ulipo, na uji mwingi ulimwagika shingoni. Nilimwambia lile gitaa halikuwa limepinda. "Najua," akasema. "Limekaa kifuani kwangu miaka thelathini." Nikamuuliza kwa nini basi hakusema siku ile. Alingoja Kiarie ameze. "Nilitaka uniambie mwenyewe. Nikakungojea. Hata ulipokuja kulichukua nilikuwa nakungojea." Akajaza kijiko tena. "Mimi pia nilikosea. Ningesema, huyu angekuwa na macho mawili." Kiarie alinitazama kwa lile lililobaki. Nimetazamwa na watu wengi walionichukia, lakini jicho lile halikuwa na chuki. Lilikuwa limechoka tu, na lilinitaka niondoke.

Bendi ya mjini sikwenda. Nilipiga lile jeusi Kawangware hadi mwisho wa mwaka kwa sababu Ouma alinishurutisha. Alikaa kando yangu kwenye kreti la soda, plasta magotini, akiimba, na nikikosea alinipiga teke. Baadaye alijifunza kufundisha kwaya, kazi isiyohitaji vidole, na akaifanya vizuri hadi alipokufa. Mwezi wa kumi na mbili nilipata kazi Eldoret. Asubuhi ya kuondoka tulikunywa chai ya rangi na mandazi, mke wa jirani akiwasuka watoto wake nywele upande wa pili wa ukuta, na nikajikaza kuuliza nililokuwa nimelibeba miezi mitano. "Siku ile, ulijua ni mimi?"

"Sikujua," Ouma akasema. "Nilikuwa napita nikienda baa, nikaona ile gita ya asali iko chini watu wanaikanyaga. Nikaingia kuitoa."

"Na uliponiona?"

Alitafuna, akameza. "Ukweli? Uliponigeuzia uso na nikaona ni wewe, na nikaona ni gani umebeba, nilitaka kuinuka. Nilitaka kuinuka niende zangu, Wekesa."

"Mbona hukuinuka?"

"Ningeinuka aje? Ulikuwa umenishika shati."

Alisema bila hasira, akanimiminia chai iliyobaki. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka mikono yangu ilikuwa wapi wakati ule. Nakumbuka gitaa, nakumbuka viatu, na nakumbuka kitambaa cha njano kimejaa viganjani mwangu, kimekazwa kwa nguvu zangu zote, nikimvuta Ouma arudi chini.